Kabla hujasema filamu ya zamani inaboa: fremu, kasi, toleo na sauti (uzi mrefu)

Projekta_Kuukuu

Wakuu, salaam.

Mjadala wa filamu za zamani ukizuka, hoja huwa zilezile: zinaboa, watu wanatembea kama wanafukuzwa, picha imefifia. Kwa filamu mpya malalamiko ni mawili tu: giza, na maneno hayasikiki. Nusu ya lawama hizo naona si za filamu. Ni za runinga iliyoachwa na setingi za dukani, za kopi mbovu, na za mtu aliyevuta picha ili mistari myeusi iondoke.

Nianze na fremu, maana ndiyo inayoharibiwa zaidi.

Filamu bubu zilipigwa kwa uwiano wa 1.33 kwa 1, yaani upana ni mara 1.33 ya kimo. Sauti ilipoingia, sehemu ya utepe ikachukuliwa na njia ya sauti, na mwaka 1932 Hollywood ikatulia kwenye 1.37. Runinga za leo ni 1.78. Kwa hiyo karibu kila filamu ya kabla ya 1953 lazima iache mistari myeusi kulia na kushoto. Ukibonyeza rimoti ili kioo kijae, litatokea moja kati ya mawili: picha itavutwa na nyuso kunenepa kwa asilimia 30, au itakatwa juu na chini na utapoteza asilimia 23 ya kilichopigwa.

Chukua Citizen Kane (1941), tukio la nyumba ya mama kule Colorado. Mtoto anacheza nje kwenye theluji. Kamera inarudi nyuma, tunagundua tulikuwa tunamwona kupitia dirishani. Inazidi kurudi hadi mama anaketi mezani karibu nasi, pembeni yake yule mtu wa benki, huku baba akibaki nyuma upande wa kushoto akipinga. Mtoto bado yumo dirishani katikati yao, mdogo sana, anapiga kelele za vita vya mchezoni wakati karatasi za kumtoa nyumbani zinatiwa saini. Wote wanne wanaonekana wazi, wa mbele na wa nyuma. Gregg Toland, mpiga picha, alilipata hilo kwa lenzi pana, taa kali na tundu la lenzi lililobanwa sana. Ukikata juu, unakata na dari, na dari ndizo Toland na mwongozaji Orson Welles walizozijenga kwa makusudi, za kitambaa, zikificha vinasa sauti juu yake. Halafu mtu anakuja kusema haoni cha ajabu.

Mwaka 1953 ikaja The Robe na CinemaScope, uwiano wa 2.55, baadaye 2.35 na sasa 2.39. Hizi zinaacha mistari juu na chini, na picha inachukua asilimia 74 tu ya kimo cha kioo. Ni sawa, iache. Ukijaza kioo unatupa robo ya upana, na mara nyingi robo hiyo ina mtu ndani yake.

Wanaodhani fremu nyembamba ni umaskini wa zamani waangalie wa sasa. Ida (2013) ni 1.37. The Grand Budapest Hotel (2014) inatumia fremu tatu: masimulizi ya miaka ya 1930 ni 1.37, ya 1968 ni pana, ya 1985 ni 1.85. Ukijua hilo hupotei hata sekunde moja kwenye kurukaruka kwa wakati. The Lighthouse (2019) ni 1.19, karibu mraba, na bila ubanaji huo wale wawili wasingeonekana wamefungiana.

Setingi ya kutafuta kwenye runinga ni ile ya ukubwa wa picha: chagua ile inayoonyesha picha kama ilivyo, bila kukuza. Kuna runinga ambazo hata kwenye chaguo la 16:9 hukata asilimia 2 hadi 5 ya kingo, na hilo huzimwa mahali pengine kwenye menyu hiyohiyo.

Pili, zima kulainisha mwendo. LG wanaita TruMotion, Sony Motionflow, Samsung Picture Clarity (zamani Auto Motion Plus). Filamu ina fremu 24 kwa sekunde. Runinga inabuni fremu za kati na kuzichomeka, na matokeo yake The Godfather inaonekana kama tamthilia ya mchana. Ukingo wa mtu anayepita mbele ya ukuta wenye michoro unatetemeka, kwa sababu mashine imekisia vibaya kilichopo nyuma yake. Hakuna filamu ya fremu 24 inayofaidika na kitu hiki, ya 1940 wala ya mwaka huu. The Hobbit (2012) ilipigwa kwa fremu 48 na Gemini Man (2019) kwa 120, lakini huo ulikuwa uamuzi wa waongozaji.

Karibuni, ongezeni.

Kiti_cha_Nyuma

Nakazia hapo kwenye mwendo, na niongeze moja. Ukishazima, baadhi ya watu wanalalamika kamera ikigeuka polepole picha inakwama-kwama. Sababu ni hesabu. Kioo cha 60 Hz, yaani kinachobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, hakigawanyiki kwa 24, kwa hiyo fremu moja inaonyeshwa mara 2, inayofuata mara 3, tena 2, tena 3. Kioo cha 120 Hz kinaonyesha kila fremu mara 5 sawasawa. Kama runinga yako ni ya 120 na bado inakwama, tatizo ni kile kifaa cha nje ulichochomeka kwenye runinga, kinachotuma 60 muda wote. Ingia kwenye menyu ya kifaa, tafuta kipengele cha kulinganisha kasi ya fremu na filamu, kiwashe. Kioo kitakuwa cheusi sekunde moja filamu ikianza. Si ubovu, kinabadilisha kasi.

Na kama runinga yako ina Filmmaker Mode, iweke hiyo ulale. Inazima kulainisha mwendo, inazima kunoa kingo, inaweka rangi kwenye 6500 K (kipimo cha weupe wa picha) na inaheshimu fremu. Kama haina, chagua hali ya sinema, rangi ya joto ile ya mwisho kabisa, kunoa shusha hadi sifuri au karibu na hapo. Siku mbili za kwanza utaona picha ni njano. Jicho lilizoea buluu.

Mdau_wa_Jioni

Mkuu Projekta, swali. Hizi bubu sasa, kina Chaplin. Ule mwendo wa kukimbia-kimbia si ndivyo zilivyokuwa?

Projekta_Kuukuu

Sehemu ndiyo, sehemu siyo. Subiri Bi. Utepe apite, huyo ndiye mwenye eneo lake.

Utepe_wa_Nitrati

Nimepita.

Kamera ya filamu bubu ilizungushwa kwa mkono. Kasi ilicheza kati ya fremu 16 na 24 kwa sekunde, ikipanda kadiri miaka ya 1920 ilivyosonga. Sauti ndiyo iliyolazimisha 24, kwa kuwa sikio haliwezi kuvumilia muziki unaopanda na kushuka. Sasa, filamu iliyopigwa kwa 18 ukiionyesha kwa 24, kila kitu kinakwenda theluthi moja haraka zaidi. Ya 16 inakwenda nusu zaidi. Ndipo ukapata wale askari wanaotembea kama kuku. Kosa hilo ni la runinga na kopi za bei rahisi za miaka ya baadaye, si la waliopiga.

Lakini usiende upande wa pili ukadai kila kitu kipunguzwe. Wachekeshaji walizungusha kamera taratibu kwa makusudi ili mwendo uonekane mwepesi kidogo, na kumbi nyingi zilionyesha kwa kasi zaidi ya ile ya kupigia. Kwa hiyo Sherlock Jr. (1924) ikipunguzwa hadi mwendo wa kawaida wa binadamu, vichekesho vinakufa. Kipimo changu: tazama watu wasio na kazi nyuma ya fremu, wapita njia, mtu anayevuta kiti. Wakionekana wa kawaida au wepesi kidogo, kasi iko sawa. Nguo na moshi pia husema kweli, kwa sababu moshi haujui kuigiza.

Ukiona mwendo si wa haraka bali unaruka kila baada ya hatua, hiyo ni kopi ya fremu 16 iliyorefushwa hadi 24 kwa kurudia kila fremu ya pili. Tafuta nyingine.

Kuna la rangi pia, na hili linawashangaza wengi. Bubu nyingi hazikuwa nyeusi na nyeupe tupu. Utepe ulitiwa rangi: buluu kwa usiku, njano ya kaharabu kwa ndani yenye taa, waridi kwa alfajiri. Nosferatu (1922) ndiyo mfano wa kufundishia. Matukio ya usiku yalipigwa mchana kweupe, kwa sababu utepe wa wakati huo haukuweza kuona gizani, kisha buluu ikawekwa kuwaambia watazamaji kwamba huu ni usiku. Kopi zisizo na rangi zinamwonyesha yule mnyonya damu akipita mjini na jeneza lake saa za jua, ilhali hadithi nzima inategemea kwamba jua litamuua. Mtazamaji anacheka, anadhani waliotengeneza hawakuwa makini. Kopi nzuri ina dakika zaidi ya 90 na rangi zake. Ukikuta ya saa moja na dakika chache, kijivu tupu, iache hapohapo.

Mdau_wa_Jioni

Shukrani sana dada. Hapo kwa jeneza umenifungua macho.

Chenga_Ndogo

Mimi nitie neno kwenye toleo, maana watu wanachukua la kwanza wanalolikuta.

Filamu zenye kopi mbaya zaidi ni zile zisizo na hakimiliki, kwa sababu yeyote anaweza kuzipakia. Night of the Living Dead (1968) ilipoteza ulinzi wake Marekani kwa kosa dogo mno: jina la filamu lilibadilishwa, na bango jipya la jina halikuwekwa tangazo la hakimiliki lililotakiwa na sheria ya wakati huo. Tangu hapo imezaa kopi za kopi, nyeusi zimekolea hadi nyuso hazionekani. Mwaka 2016 ilirekebishwa kwa 4K kutoka kwenye negativu yake. Ukitazama zote mbili utadhani ni filamu tofauti: ile ya kwanza ni matope, ya pili unaona hadi maua ya ukuta wa ile nyumba. His Girl Friday (1940) nayo ni hivyohivyo.

Metropolis (1927) ilikatwakatwa mara tu baada ya kuonyeshwa mara ya kwanza. Mwaka 2008 kopi ya milimita 16 ikapatikana Buenos Aires ikiwa na karibu yote yaliyopotea, na mwaka 2010 likatoka toleo lenye takriban dakika 25 zilizorudishwa. Utazitambua: picha ghafla inakuwa na mikwaruzo mingi na fremu inapungua. Usidhani kifaa kimeharibika. Toleo la 1984 lenye muziki wa Giorgio Moroder ni burudani nzuri lakini ni fupi mno, na hadithi inayumba.

Blade Runner (1982) tazama Final Cut ya 2007, basi. Ile ya kwanza ina sauti ya mhusika inayoeleza mambo ambayo picha imeshayasema. Apocalypse Now kinyume chake: anza na ya 1979. Redux ya 2001 ina tukio refu la shamba la Wafaransa linalokata pumzi ya safari ya mto. Ile ya 2019, dakika 183, iko katikati, nayo ni nzuri kwa mtu anayeirudia.

Sasa chenga. Chenga za filamu si uchafu. Ni chembe za fedha, na kwenye filamu za rangi ni mawingu ya rangi yanayobaki mahali pa chembe hizo, na picha yenyewe imeundwa nazo. Kuna matoleo yaliyosafishwa kwa programu hadi ngozi zikawa za nta. Mfano unaojulikana ni Blu-ray ya Predator ya mwaka 2010 na 4K ya Terminator 2 ya 2017. Namna ya kutambua: sitisha kwenye uso wa karibu, tazama shavu na nywele za pembeni mwa sikio. Kama shavu ni laini kabisa na nywele zimeungana kuwa bonge, wamefuta chenga wakafuta na vinyweleo. Runinga yako pia ina kipengele cha kupunguza chenga, kizime.

MaxiPikseli

Naomba kupingana kidogo. Chenga kwenye mtandao hazivumiliki, zinageuka vijiboksi.

Chenga_Ndogo

Hapo uko sahihi, lakini adui ni mbano, yaani kupunguza data ya video ili ipite mtandaoni. Chenga hubadilika kila fremu, na kodeki (programu inayobana video) inaishi kwa kutegemea kwamba fremu hii inafanana na iliyopita. Kwa hiyo chenga zinakula data kuliko kitu chochote. Blu-ray ya kawaida inatumia megabiti 20 hadi 35 kwa sekunde, wakati filamu ya HD ya kutiririsha inatumia 5 hadi 8. Ukiona ukuta wa nyuma unachemka na kutengeneza vijiboksi, hiyo ni data haba. Tiba ni diski, au kupandisha ubora kwenye mipangilio ya app na kutumia waya badala ya waifai. Kuwasha kisafisha chenga kunafanya vijiboksi kuwa madoa, basi.

Kiti_cha_Nyuma

Na filamu zenye giza? Hili la sasa naona wengi wanalia nalo.

Mambo matatu, kwa mpangilio wa kukagua. Kwanza, kihisi mwanga na kuokoa umeme: runinga inajipunguzia mwanga yenyewe chumba kikiwa na giza. Zima vyote viwili. Pili, HDR (picha yenye tofauti kubwa ya mwanga na giza) kwenye runinga dhaifu. Filamu imetayarishwa kwa kilele cha niti 1000 au zaidi (niti ni kipimo cha mwangaza), runinga yako inatoa 300, kwa hiyo inashusha kila kitu ili taa za juu zisipasuke, na vivuli vinazama. Washa ramani ya toni inayobadilika (dynamic tone mapping) kama ipo, au tazama toleo la SDR, yaani la kawaida lisilo HDR, la filamu hiyohiyo. Kwenye kioo cha niti 300 SDR mara nyingi ni bora. Tatu, mwanga wa chumba. Sinema inaonyesha kwa niti 48 tu, lakini gizani. Dirisha moja la mchana nyuma yako linatosha kufuta tukio zima la usiku.

Zikishindikana hizo tatu, basi filamu yenyewe ina giza, na hapo mlaumu mwongozaji kwa amani.

BintiManukuu

Sauti bado. Wacha niichukue, kwa sababu ushauri wa "ongeza tu sauti" haufai.

Filamu mpya imechanganywa kwa chaneli 6 au zaidi. Karibu maneno yote yako kwenye spika ya kati. Runinga ina spika mbili zinazotazama chini au ukutani. Inapopokea chaneli 6 inazikunja kuwa 2, na milipuko, muziki na maneno vinagombania tundu lilelile. Zaidi ya hapo, sinema hupangwa kwa kiwango cha rejea cha desibeli 85 na kilele cha 105 kwa chaneli za mbele. Nyumbani hakuna anayefika huko. Ukishusha ili mlipuko usiamshe watu, mnong'ono unazama chini ya kelele ya feni.

La kufanya: kwenye menyu ya sauti ya filamu, chagua stereo (chaneli 2) badala ya 5.1 (chaneli 6) kama ipo, kwa sababu stereo iliyotengenezwa na watu wa filamu ni bora kuliko iliyokunjwa na runinga. Kama haipo, washa hali ya usiku, inayobana tofauti ya kimya na kelele. Mwenye mfumo wa spika tano apandishe ya kati desibeli 2 hadi 4 na ashushe ya besi kidogo, asiguse nyingine. Ukipandisha ya kati zaidi ya 5, mtu akitembea kutoka kushoto kwenda kulia sauti yake itavimba katikati ya njia.

Tenet (2020) iwekeni kando. Mwongozaji wake, Nolan, anapendelea sauti iliyonaswa wakati wa kupiga picha kuliko kuirekodi upya studio, na anaiacha izidiwe na muziki. Washa manukuu, hakuna aibu.

Kwa filamu za zamani kosa ni la upande mwingine: watu wanaitazama filamu ya mono (sauti ya chaneli moja) huku wamewasha "sauti ya kuzunguka". Mono inatakiwa itoke spika ya kati peke yake, au mbili za mbele kwa usawa. Ukiizungusha, sauti za watu zinakuwa kama wako pangoni. Na kama diski ina mono ya asili pamoja na 5.1 mpya, chagua mono. Vertigo (1958) iliporekebishwa mwaka 1996, ilirekodiwa upya milio ya hatua, milango na risasi, na bado watu wanabishana. Risasi mpya kwenye filamu ya kale inasikika mara moja, hata na asiyejua kwa nini imemkera.

Jambo la mwisho: midomo kutolingana na maneno kwenye filamu za Italia. Haitibiki. Hadi miaka ya 1970 Waitalia walipachika sauti baadaye studio, hata ya lugha yao. Kwenye The Good, the Bad and the Ugly (1966) kila mwigizaji alisema kwa lugha yake. Msihangaike kusogeza sauti kwa milisekunde.

MaxiPikseli

Sawa, nimeweka setingi zote hizo. Picha nzuri, sauti nzuri. Lakini bado, wakuu, filamu ya zamani ni polepole. Tuseme ukweli.

Projekta_Kuukuu

Tuuseme, lakini kwa vipimo. Kati ya 1930 na 1960 wastani wa shoti moja (kipande kati ya mkato na mkato) Hollywood ulikuwa sekunde 8 hadi 11. Sasa filamu nyingi za matukio ziko 3 hadi 5. Kwa hiyo jicho lako limezoea kuamuliwa pa kutazama kila baada ya sekunde 4. Ukipewa sekunde 10, unamaliza kusoma kilicho mbele, unasubiri mkato, mkato haufiki, unasema inaboa. Kumbe sekunde sita zilizobaki zimewekwa ili utazame nyuma na pembeni. Rudi kwa yule mtoto wa dirishani.

Na kasi ya mkato si kasi ya filamu. His Girl Friday haikati sana, lakini waigizaji wanaingiliana maneno kwa makusudi, dakika 92 zinaisha hujapumua. Kinyume chake zipo za sasa zenye mikato elfu mbili na hakuna aliyeamua chochote ndani yake.

Jaribu 12 Angry Men (1957), dakika 96, karibu yote chumba kimoja. Mwongozaji Sidney Lumet alianza na kamera juu ya usawa wa macho na lenzi pana, kuta ziko mbali. Katikati kamera ikashuka hadi usawa wa macho. Mwishoni iko chini, lenzi ni ndefu, kuta zimewabana na dari imeonekana. Hakuna anayekuambia. Unajikuta tu unataka dirisha lifunguliwe. Ukitaka kuithibitisha, tazama dakika ya 10, simamisha, kisha ruka dakika ya 80, linganisha ukuta wa nyuma ya vichwa.

Utepe_wa_Nitrati

Na kwa mpenda shoti ndefu, hapo zamani na sasa zinakutana vizuri. Rope (1948) ilitaka kuonekana shoti moja, lakini gombo la utepe lilibeba futi 1000, kama dakika 10, kwa hiyo kamera inajificha nyuma ya mgongo wa mtu ili wabadilishe. Birdman (2014) na 1917 (2019) zinafanya ujanja uleule kwa kompyuta. Russian Ark (2002) haina ujanja: dakika zaidi ya 90 bila mkato ndani ya jumba la Hermitage, ikanasa kwenye jaribio la nne. Victoria (2015) ni dakika 138, jaribio la tatu. Tazameni Rope kwanza, mtacheza mchezo wa kutafuta migongo.

Jozi nyingine ambazo hazichoshi: Yojimbo (1961) na A Fistful of Dollars (1964). Ikiru (1952) na Living (2022). Na mnyororo wa tatu: All That Heaven Allows (1955), Ali: Fear Eats the Soul (1974), Far from Heaven (2002); mwanamke, mwanamume ambaye jirani hawamtaki, na dirisha. Kwa aliyependa Parasite (2019), tafuta The Housemaid ya Korea ya 1960. Ngazi ya nyumba ile inafanya kazi ileile.

Utaratibu ninaoupendekeza ni ya zamani kwanza, mpya baadaye, siku tofauti. Ukianza na mpya, ya zamani utaitazama kama rasimu.

MaxiPikseli

Nianze na ipi basi, mkuu? Isiwe ya saa tatu.

Projekta_Kuukuu

Sherlock Jr., dakika 45. Bicycle Thieves (1948), dakika 89, hakuna mwigizaji wa kulipwa kwenye nafasi kuu. Rashomon (1950), 88. Kisha Rear Window (1954). Tokyo Story (1953) usianze nayo, ingawa naiweka juu ya zote: Ozu anaweka kamera chini karibu na sakafu, lenzi ya milimita 50, haisogezi ila kwa nadra mno, na anataka uwe umeshajifunza kukaa. Seven Samurai (1954) ni dakika 207 lakini ina mapumziko ndani yake, igawe hapo na si kwingine.

Jeanne Dielman (1975), iliyoshika nafasi ya kwanza kwenye kura ya filamu bora ya jarida la Sight and Sound ya 2022, iache hadi mwakani. Dakika 201, na hoja yake yote ni viazi na ratiba.

Mdau_wa_Jioni

La kiufundi tena. Filamu yangu ya nyeusi na nyeupe ina kivuli cha kijani. Nishushe rangi hadi sifuri?

Kiti_cha_Nyuma

Shusha, inasaidia kama kijani kinatoka kwenye kopi. Kama kinatoka kwenye kioo chenyewe haitaondoka. Hapo rekebisha mizania ya nyeupe, punguza kijani hatua moja moja ukiangalia shati jeupe, si ukuta.

Ila kumbuka kurudisha. Bubu zenye rangi za Bi. Utepe zitaharibika. The Wizard of Oz (1939) sehemu ya Kansas si kijivu, ni hudhurungi. Na High and Low (1963) ya Kurosawa ni nyeusi na nyeupe isipokuwa moshi mmoja wa waridi, ambao upelelezi mzima unauhitaji. Rangi ikiwa sifuri, polisi watakimbilia dirishani na wewe hutaona wanachokiona.

Utepe_wa_Nitrati

Na nyeusi na nyeupe zenyewe haziko sawa. Utepe wa mwanzo haukuona nyekundu: midomo inakuwa myeusi, mbingu nyeupe. The Lighthouse waliiga hilo kwa kichujio, ndiyo maana kila doa la ngozi linapiga kelele. Roma (2018) ni ya dijitali, safi, haina chenga. Mank (2020) inajidai ya 1941, ina sauti ya mono na hata vile vidoti vya kubadilisha gombo kwenye kona, halafu fremu yake ni 2.20. Hapo walinichekesha.

Chenga_Ndogo

Kabla hamjalala: 2001: A Space Odyssey (1968) na Lawrence of Arabia (1962) zinaanza na kioo cheusi na muziki kwa dakika kadhaa. Ni utangulizi, ulichezwa watu wakiingia ukumbini. Msizime runinga kutafuta kasoro, na msiruke mbele. Lawrence zimeni taa kabisa, kwa sababu Sherif Ali anapotokea kisimani ni kitone kinachotetemeka kwenye joto kwa muda mrefu, na kwenye kioo chenye mng'ao wa taa hamtakiona hadi ameshafika.

MaxiPikseli

Kioo changu ni inchi 32.

Chenga_Ndogo

Sogeza kiti. Mita moja na robo.